Usiiache Chapati Kabla Hujapima

Kama kila ukila chapati au maandazi tumbo linajaa gesi, linanguruma na kukukimbiza chooni, ombi langu la kwanza ni kinyume cha unavyotarajia: usiiache chapati kwanza. Nenda hospitali ukapimwe ukiwa bado unaila, upate jibu, ndipo uamue. Ushauri wa kuacha ngano siku hizi unatolewa bure kwenye simu, saluni na vijiwe vya kahawa, toka Chanika pale Handeni hadi Manundu mjini Korogwe. Wanaoutoa wana nia njema. Wasichokijua ni kwamba kipimo cha seliaki, ugonjwa mzito unaoletwa na ngano, husema kweli pale tu mgonjwa anapoendelea kula ngano. Akikaa miezi kadhaa bila kuigusa, damu yake inatulia, utumbo unaanza kujiponya, na daktari anamwambia hana tatizo. Basi anairudia chapati kwa furaha, na ugonjwa unaendelea kumtafuna kimya kimya kwa miaka.

Kinachotajwa sana katika mazungumzo hayo ni gluteni. Unaweza kuiona kwa macho yako jikoni. Chukua konzi mbili za unga wa ngano, ukande kwa maji kidogo upate donge gumu la chapati, uliache litulie nusu saa. Kisha litumbukize kwenye bakuli la maji ulioshe huku ukilibinyabinya. Maji yatageuka meupe kwa wanga unaotoka. Mwaga, weka mengine, endelea mpaka yakaribie kuwa safi. Kitakachobaki mkononi ni kidonge cha kijivu kinachovutika na kurudi, hakikatiki kirahisi. Hiyo ndiyo gluteni, protini ya ngano. Ndiyo inayofanya chapati isukumike ikawa nyembamba bila kuchanika, na andazi livimbe na libaki limevimba. Ukijaribu hivyo kwa unga wa mchele, mahindi au mhogo, donge litameguka na kuyeyukia kwenye maji, usibakiwe na kitu cha kuvuta. Shayiri na rai nazo zina gluteni ya jamii hiyohiyo. Rai huku kwetu haionekani, lakini shayiri tunakutana nayo kwenye bia za kiwandani na vinywaji vya kimea.

Matatizo yanayoletwa na ngano ni zaidi ya moja, na kuyachanganya ndiko kunakopoteza watu. Zito kuliko yote linaitwa seliaki. Mwenye seliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake, iliyowekwa kupambana na vijidudu, inaugeukia utumbo mwembamba na kuuchubua. Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula, vimesimama kama manyoya ya zulia. Kwa mgonjwa manyoya hayo yanalala na kuisha, linabaki zulia lililokwanguka. Chakula kinapita bila kunyonywa. Ndiyo maana mtu anakula sawasawa na wenzake na bado anakonda, choo kinakuwa laini, kingi, chenye mafuta na harufu kali, na damu inapungua hata akimeza vidonge vya madini ya chuma mwezi baada ya mwezi.

Wengine tumbo haliwasumbui hata kidogo. Anakuja mama mwenye upungufu wa damu usiopona, au mimba zinazoharibika bila sababu inayoeleweka. Anakuja kijana mwenye vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, au mifupa inayovunjika kwa kuanguka kudogo. Na kuna upele wake wa ngozi: malengelenge madogo yanayowasha mno, hutokea pande zote mbili za mwili, viwikoni, magotini na matakoni, na mara nyingi hutibiwa kama upele wa kawaida bila kupona. Ugonjwa huu unarithiwa kwa sehemu. Mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuwa nao, wakati kwa watu wa kawaida duniani ni kama 1 kati ya 100.

Huo ni tofauti na mzio wa ngano. Mwenye mzio huanza kuumuka midomo, kuwashwa mwili mzima, kutapika au kubanwa na pumzi ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula. Akibanwa na pumzi au kuishiwa nguvu, hapo hakuna kusubiri asubuhi: apakiwe bodaboda, bajaji, chochote kilicho karibu, afike hospitali.

Kundi la mwisho ni la watu ambao vipimo vya seliaki na mzio havionyeshi kitu, na bado wakila ngano wanaumwa. Madaktari wanalikubali kundi hili na wanaliita kutovumilia gluteni bila seliaki. Utumbo wao hauchubuki, na hakuna kipimo cha maabara cha kuwatambua. Hujulikana kwa kuondoa ngano, kuona nafuu, kisha kuirudisha na kuona dalili zikirudi. Wengi wao si gluteni inayowaumiza. Ngano ina wanga uitwao fruktani ambao bakteria wa tumboni huuchachusha na kutoa gesi, na fruktani hiyohiyo imo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Kwa hiyo ukiacha mkate huku unaendelea na mchuzi wa vitunguu vitano, usishangae tumbo likabaki vilevile.

Uhusiano wa ngano na tumbo ulichukua muda mrefu kugunduliwa. Mwaka 1888 daktari wa London, Samuel Gee, alieleza kwa makini watoto waliokuwa wakikonda na kuharisha, akasema kama wataponywa basi wataponywa kwa chakula, ila hakujua ni kipi. Aliyeithibitisha ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, vita ikiwa imeikaba nchi yake, mkate uliadimika kabisa na watu wakala chochote kilichopatikana. Watoto wa Uholanzi walikuwa wakidhoofika kwa njaa, lakini wagonjwa wake wa seliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Dicke, ambaye alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya vita, aliandika matokeo ya uchunguzi wake mwaka 1950, na hadi leo dawa ni hiyohiyo: kuacha gluteni maisha yote. Hakuna kidonge.

Na tusidanganyane kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi kwenye kambi za wakimbizi nchini Algeria. Asilimia 5.6 ya watoto waliopimwa walikuwa na seliaki, kiwango kikubwa kuliko cha nchi yoyote ya Ulaya. Watu hao walizoea maziwa ya ngamia, nyama na tende, kisha ngano ikawa chakula chao cha kila siku.

Pamoja na hayo, wewe unayesoma ukiwa Mkata, Kabuku au Mombo, huenda tumbo lako halina uhusiano wowote na ngano. Handeni ni wilaya yenye shida ya maji ya muda mrefu. Bomba la HTM, linalochota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe, lilijengwa kwa sababu hiyo, na vijiji vingi vimeishi kwa maji ya malambo yanayogawanywa na mifugo. Maji ya namna hiyo yanaleta amiba na jiadia. Jiadia, kijidudu kisichoonekana kwa macho, kinaweza kuvilaza vinyweleo vya utumbo na kuleta choo laini chenye mafuta na gesi, dalili zilezile za seliaki, na kinatibika kwa dawa za siku chache. Minyoo ya safura inanyonya damu kwa miaka bila kelele. Kifua kikuu kinaingia hadi tumboni. VVU navyo huharisha na kukondesha. Upungufu wa damu wa mtoto wa Korogwe huenda umetokana na malaria au selimundu kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo anza na vipimo vya karibu na vya bei nafuu: choo, wingi wa damu, malaria, VVU. Usiruke ngazi hizo ukakimbilia gluteni.

Halafu kuna maziwa. Watu wazima wengi wa Kiafrika hawamudu vizuri sukari ya maziwa, laktosi. Sasa fikiria kifungua kinywa cha mjini: kikombe kikubwa cha chai ya maziwa na chapati mbili. Saa moja baadaye tumbo limejaa. Lawama zote zinaiendea chapati kwa sababu ndiyo inayosemwa kwenye simu. Kama vipimo vya hospitali vimetoka safi, tenganisha washtakiwa. Wiki mbili kunywa chai ya rangi na chapati yako. Kisha wiki mbili kunywa chai ya maziwa na mhogo wa kuchemsha. Andika kwenye daftari umekula nini, saa ngapi, na tumbo limefanya nini. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja; ukiondoa chapati, maziwa, maharage na mafuta siku moja utapata nafuu bila kujua aliyekuwa anakuumiza ni nani.

Lakini kama choo na damu vimeangaliwa, minyoo imetibiwa, na bado unakonda, damu haipandi au mtoto hakui, hapo uliza kuhusu seliaki, na uliulize kwa jina. Daktari wa hospitali ya wilaya huona wagonjwa wengi kwa siku na ugonjwa huu hukutana nao kwa nadra, kwa hiyo kumkumbusha si kumvunjia heshima. Sema hivi: “Daktari, nimetibiwa minyoo na jiadia, damu haipandi, na naona nikila ngano hali inakuwa mbaya. Naomba tuangalie pia seliaki.” Kipimo cha damu kinaitwa tTG-IgA, na ni vizuri kipimwe pamoja na kiwango cha IgA yote, ambayo ni aina ya kingamwili, kwa kuwa wapo watu wasio na IgA ya kutosha na kipimo cha kwanza peke yake huwapa jibu la uongo. Kikionyesha dalili, hatua inayofuata kwa mtu mzima ni kupitisha mpira wenye kamera mdomoni hadi utumbo mwembamba na kuchukua vinyama vidogo vikaangaliwe kwa hadubini. Njia yake ni rufaa: kutoka hospitali ya Handeni au Magunga pale Korogwe kwenda Bombo jijini Tanga, na ikibidi KCMC Moshi au Muhimbili.

Kama ulishaiacha ngano kabla ya kusoma haya, kuna njia. Kwa makubaliano na daktari, unairudisha kwa kiasi, kama chapati moja au vipande viwili vya mkate kila siku, kwa wiki sita hadi nane, kisha unapimwa. Ni wiki ngumu kwa anayeumwa. Zinastahili, kwa sababu jibu lake linaamua chakula cha maisha yako yote na kama wanao nao wapimwe. Mwenye mzio wa ngano yeye asijaribu jambo hili kabisa.

Tuseme jibu limekuja na ni seliaki kweli. Hapo ndipo nataka uishushe presha, maana wakazi wa wilaya hizi mbili wana bahati ambayo mgonjwa wa Ulaya anainunua kwa pesa nyingi. Ngano si zao la Handeni wala la bonde la Korogwe. Tunayoila inatoka mbali, sehemu kubwa kwa meli kutoka nje ya nchi. Chakula chetu wenyewe hakina gluteni: ugali wa dona au sembe, bada la mhogo, makande, wali wa Mombo, mtama, uwele, ulezi, viazi vitamu, magimbi, ndizi, maharage, kunde, mbaazi, choroko, karanga, nazi, mayai, samaki, nyama, kila mboga ya majani kuanzia mchicha na kisamvu hadi mlenda na mchunga. Huna haja ya zile pakiti za madukani Dar es Salaam zilizoandikwa kwamba hazina gluteni. Nyingi ni wanga mweupe na sukari kwa bei ya kuumiza. Bibi yako Mzigua au Msambaa alikuwa anaweza kumlisha mgonjwa wa seliaki mwaka mzima bila kujua jina la ugonjwa.

Kazi iliyobaki ni kuifuatilia ngano inakojificha, na hapo nitakaa kwa muda kwa sababu ndipo wagonjwa wengi wanapoanguka.

Anza na unga wa lishe. Mama anaambiwa kliniki ampe mtoto uji wenye nguvu, anakwenda sokoni, ananunua pakiti au anachanganya mwenyewe: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga na, mara nyingi sana, ngano. Mtoto mwenye seliaki anapewa uji huo asubuhi na jioni, anaharisha, anakonda, na kila anavyokonda anaongezewa uji. Kama mtoto wako alikuwa akikua vizuri kwa maziwa ya mama kisha akaanza kudhoofika miezi michache baada ya kuanza uji, beba pakiti hiyo uende nayo hospitali, au andika kila nafaka uliyoichanganya. Akithibitishwa kuwa na seliaki, uji wa mahindi, ulezi na mchele pamoja na karanga zilizosagwa unatosha kabisa. Ngano haina kitu ambacho mtoto hawezi kukipata kwingine.

Kisha mashine ya kusaga. Simama pembeni siku moja uangalie. Mteja wa kwanza kaleta debe la mahindi, wa pili mchanganyiko wa lishe wenye ngano, wa tatu ulezi. Mwendesha mashine hapangusi kitu kati yao. Unga wa aliyetangulia umebaki kwenye kinu, kwenye bomba na kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea unga, naye akiupigapiga ule mfuko, unashukia kwenye ndoo yako. Kiasi hicho kinatosha kumdhuru mgonjwa. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa kisicho na gluteni ni gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo nzima, yaani chembe ambazo jicho halizioni. Fanya urafiki na mwenye mashine. Wahi asubuhi, uwe wa kwanza, mashine ikiwa imefagiliwa. Tanguliza vibaba viwili vya mahindi yako, unga wake uwape kuku, ndipo usage ya kula. Bora zaidi ni kutafuta mashine ambayo haipokei ngano kabisa. Ikikosekana, nyumbani kinu na mchi na chekeche bado vinafanya kazi.

Kwa mama lishe, usiulize kama chakula kina gluteni. Utajibiwa hakina, kwa moyo safi, kwa sababu neno hilo halimo jikoni. Uliza unga.

“Shikamoo mama. Samahani, kwenye hivi vitumbua umetia unga wa ngano?”

“Marahaba mwanangu. Kidogo tu, vishikane.”

Hicho kidogo tu ndicho unachokikimbia. Kitumbua halisi ni mchele uliolowekwa, tui la nazi, hamira, sukari na iliki, na hamira ya kuumulia haina tatizo. Bagia za kunde vilevile ni salama mpaka mtu azikoleze kwa ngano. Katlesi hupakwa chenga za mkate. Soseji nyingi zina ngano ndani. Kuku wa kukaanga huenda amegaragazwa kwenye unga. Rosti nzito huenda imeongezwa uzito kwa kijiko cha ngano, na sosi ya soya ya chupa hutengenezwa kwa soya na ngano. Hata chipsi, ambazo ni viazi vitupu, uliza mafuta: karai lililokaanga sambusa na maandazi asubuhi linakaanga chipsi mchana.

Nyumbani kwako, kama wengine wanaendelea kula ngano, mgonjwa awe na chekeche lake, mwiko wake na kikaango chake. Kibao cha kusukumia chapati asikiguse, mbao hazioshwi zikaisha unga. Siku ya kuchekecha ngano, vumbi lake hutua kwenye kila sufuria iliyo wazi, kwa hiyo chakula chake kipikwe kwanza kifunikwe. Pakiti za dukani soma orodha ya viambato na utafute maneno ngano, shayiri na kimea, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Alama ya TBS inakuhakikishia ubora, haimaanishi hakuna gluteni. Nafaka ya uji iliyobonyezwa bapa, ile wanayoiita oti, kwa asili haina gluteni ya ngano, lakini huchanganyika nayo shambani na kiwandani. Iache isipokuwa pakiti inasema wazi kwamba imetengwa.

Kuna hatari mbili ambazo waandishi wa Ulaya hawaandiki kwa sababu haziwahusu. Mtu akiacha ngano huku kwetu anaegemea mahindi na mhogo mara mbili ya zamani, na vyote viwili vinahitaji uangalifu.

Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hushika kuvu watoao sumukuvu. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 wakafa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Kiteto ilikuwa mojawapo ya wilaya zilizopigwa. Kiteto inapakana na Kilindi, ambayo hadi 2002 ilikuwa sehemu ya Handeni. Sumukuvu haifi kwa kupikwa, hata ukichemsha kutwa. Anika mahindi juu ya turubai, usiyamwage chini kwenye udongo. Yahifadhi yakiwa makavu kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Chagua na utupe punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa na zenye ukungu, na usimpe kuku wala ng'ombe. Karanga zifanyie hivyohivyo. Kukoboa kunapunguza sumu, kwa hiyo mahindi usiyoyajua yalikotoka bora yawe sembe, na dona ule ya mahindi uliyoyaanika mwenyewe.

Mhogo mchungu nao una sumu ya sianidi. Mwaka 1985 wilayani Tarime, njaa ya ukame iliwafanya watu wafupishe siku za kuuandaa, na zaidi ya watu 100 wakapata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona. Handeni nako ukame si mgeni. Mhogo mchungu umenywe, ulowekwe siku tatu hadi ulainike, uanikwe hadi ukauke kabisa, ndipo usagwe. Makopa ya haraka haraka ya mwaka wa njaa usiyanunue. Na bada lisiliwe peke yake: maharage, dagaa au yai pembeni vinaupa mwili protini ya kuondoa sumu ndogo iliyobaki.

Dagaa hao wana kazi nyingine pia. Utumbo uliochubuka umekosa madini na vitamini kwa muda mrefu, hasa chuma, chokaa na asidi ya foliki. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wanatoa chokaa, maharage na mboga za majani zinatoa foliki na chuma, na chungwa la Kabuku au la Muheza baada ya mlo linausaidia mwili kukipokea kile chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula, inakizuia. Daktari akikupa vidonge vya kuongeza damu mwanzoni, vimeze. Sasa vitafanya kazi, kwa sababu utumbo umeanza kunyonya.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwa watu. Hapa kwetu kukataa chakula ni kumkataa aliyekipika. Kwenye harusi au hitima hutaulizwa maabara, utawekewa sahani. Pilau na biriani ni salama kwa kawaida, na futari ya Ramadhani karibu yote iko upande wako: mhogo wa nazi, magimbi, viazi, ndizi, maharage. Zikwepe kaimati, tambi, sambusa, visheti na bokoboko, ambayo ni ngano yenyewe. Mweleze mwenyeji kabla ya siku, kwa ufupi, kwamba hospitali wamekukataza ngano. Neno hospitali linaheshimiwa kuliko maelezo marefu, na shangazi akishajua atakuwa mlinzi wako wa kwanza. Kwa Wakristo kuna suala la komunyo, maana hostia ni ngano. Kanisa Katoliki, katika waraka wa Vatikani wa 2017, linasema hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, ila yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na mwamini anaweza kupokea divai peke yake. Hata ile kidogo sana muulize daktari kwanza, na ongea na padri mapema, kabla ya kufika altareni.

Safarini, barabara hii kuu yetu inakufaa. Basi likisimama Segera, Korogwe au Mombo, dirishani utaletewa mayai ya kuchemsha, karanga, korosho, ndizi, machungwa na mahindi ya kuchoma. Vyote hivyo mgonjwa wa seliaki anavila bila wasiwasi. Mikate, keki, sambusa na soseji mwachie jirani. Supu ya asubuhi agiza kwa ndizi au mhogo. Mwanafunzi wa bweni aende na barua ya daktari kwa mkuu wa shule na kwa mpishi. Uji wa mahindi, makande, ugali na maharage ya shuleni havina ngano, siku za mkate na maandazi ndizo zinazohitaji mpango, na mzazi anaweza kumfungia mtoto karanga na viazi vya kuchemsha.

Nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki chache. Utumbo wa mtoto huchukua miezi kupona, wa mtu mzima unaweza kuchukua mwaka mmoja hadi miwili. Rudi upimwe damu baada ya miezi 6 na tena baada ya mwaka: kiwango cha tTG-IgA kinatakiwa kishuke. Kisiposhuka, kabla ya kumlaumu daktari, kagua mashine ya kusagia, pakiti ya unga wa lishe na karai la jirani. Na siku ya kwenda kuchukua majibu yako, nenda na wanao na ndugu zako wa tumbo moja, hasa mwenye kisukari cha utotoni, na yule ambaye tangu zamani mnasema tu kwamba mwili wake haushiki chakula.